Kwenda Tuktoyaktuk kwa gari: kisa cha familia moja ya Edmonton na mito miwili

Familia ninayoizungumzia ina watu sita: mume na mke wenye asili ya Kigoma, watoto wao wawili wa shule ya msingi, mdogo wake mke, na bibi, mama mzazi wa mume, mwenye miaka 68. Wote wanaishi Edmonton, katika jimbo la Alberta, Kanada. Mume anafanya kazi ya zamu ghalani, mke anahudumia wazee katika nyumba ya matunzo. Waliniletea karatasi iliyoandikwa kwa mkono, ratiba ya siku tisa: kuondoka Edmonton tarehe 25 Mei, kufika Tuktoyaktuk kwenye pwani ya Bahari ya Aktiki, na mume awe amerudi kazini tarehe 3 Juni. Likizo alikuwa ameshapewa. Walichotaka kwangu ni kuambiwa wabebe nguo gani.

Nimeona nikieleze kisa hiki chote kwa sababu karatasi ile ilikuwa na kasoro ninayoikuta mara kwa mara kwa ndugu zetu wanaoishi Kanada wanapotaka kwenda kaskazini ya mbali. Ilianza na likizo, ikafuata bajeti, kisha gari, na nchi yenyewe ikaja mwishoni. Safari ya Aktiki haikubali kupangwa hivyo.

Kwanza mji wenyewe. Tuktoyaktuk, au Tuk kama wenyeji wanavyouita, ni makazi ya Wainuvialuit, yaani Wainuit wa upande wa magharibi wa Aktiki ya Kanada, kando ya Bahari ya Beaufort, mashariki ya delta ya Mto Mackenzie. Sensa ya 2021 ilihesabu watu 937. Mpaka miaka ya karibuni, wakati wa kiangazi ulifika huko kwa ndege au kwa mashua, na wakati wa baridi ulipita kwenye barabara ya barafu ya kilomita 187 iliyolazwa juu ya Mto Mackenzie na juu ya bahari yenyewe iliyoganda. Tarehe 15 Novemba 2017 ilifunguliwa barabara ya changarawe ya kilomita 138 kutoka mji wa Inuvik, na kwa mara ya kwanza Kanada ikawa na barabara ya umma ya mwaka mzima inayofika Bahari ya Aktiki. Hata Alaska hawana hiyo: barabara yao ya Dalton inaishia Deadhorse, na gari lako binafsi haliruhusiwi kuendelea hadi baharini. Shemeji mtu, yule mdogo wake mke, ndiye aliyeiona hiyo barabara kwenye ramani na kuwasha moto nyumba nzima. Bibi, aliyekulia Ujiji akitazama Ziwa Tanganyika kila asubuhi, alisema kama kuna maji huko mwisho wa dunia, na yeye anakwenda.

Mei na mito

Kutoka Edmonton unapita Dawson Creek, unashika barabara ya Alaska hadi Whitehorse mkoani Yukon, unapanda hadi karibu na Dawson City, ndipo unaingia barabara ya Dempster. Hiyo ni changarawe takriban kilomita 737 hadi Inuvik, kisha ile 138 hadi Tuk. Jumla ni zaidi ya kilomita 3,300 kwenda tu. Kwa siku tisa, ukigawa kwenda na kurudi, ni zaidi ya kilomita 700 kila siku, bila siku hata moja ya kukaa mahali, mkiwa na watoto na mtu mzima mwenye presha. Hesabu hiyo peke yake ingetosha kuikataa karatasi. Lakini kulikuwa na jambo zito zaidi, ambalo hesabu ya kilomita hailionyeshi.

Barabara ya Dempster inakata mito miwili mikubwa isiyo na daraja: Mto Peel kwenye kilomita ya 539, karibu na Fort McPherson, na Mto Mackenzie kwenye kilomita ya 608, mbele ya kijiji cha Tsiigehtchic. Kiangazi magari yanavushwa kwa pantoni, bure. Wakati wa baridi mito inaganda, pantoni zinapandishwa nchi kavu, magari yanapita juu ya barafu. Katikati ya hali hizo mbili kuna vipindi ambavyo hakuna njia kabisa: majira ya vuli barafu inapoanza kushika, na majira ya kuchipua inapovunjika. Mwishoni mwa Mei uko ndani ya kipindi hicho, au ukingoni mwake. Kwa kawaida pantoni huanza kazi kati ya siku za mwisho za Mei na mwanzo wa Juni, na hakuna ofisi inayoweza kukuhakikishia tarehe mapema, maana tarehe inaamuliwa na barafu.

Inafaa kuelewa kwa nini kipindi hicho ni kigumu kiasi hicho. Mito hii inatiririka kuelekea kaskazini. Jua la Aprili na Mei linayeyusha kwanza sehemu za juu za mto, zilizo kusini, na maji yanateremka na mapande ya barafu kuelekea sehemu za chini ambazo bado zimeganda. Barafu inazuia barafu, mto unajaa nyuma yake, kisha unafumuka. Mji wa Aklavik ulisumbuliwa na mafuriko ya namna hiyo mpaka serikali, miaka ya 1950, ikajenga Inuvik pembeni ya delta kwenye ardhi ya juu zaidi. Kwa hiyo msafiri anayefika kwenye gati ya Peel tarehe 29 Mei anaweza kuukuta mto mzima ukisafiri na mapande ya barafu, huku nyuma yake kuna kilomita 539 za changarawe na mbele hakuna kitu.

Mume hakukubali mara moja. Likizo ya ghalani haibadilishwi kirahisi, na aliyeisaini ni msimamizi ambaye hapendi kusumbuliwa.

“Kaka, si tutasubiri tu pale mtoni? Siku mbili tatu.”

“Ndugu yangu, siku mbili tatu mtazitoa wapi kwenye tisa?” nikamjibu. “Na nani amekwambia ni mbili tatu?”

Mke ndiye aliyemaliza ubishi. Aliuliza kama kuna wakati ambao pantoni zina uhakika, na kama upo, kwa nini wanazungumzia Mei. Kuanzia hapo tukaipanga safari upya, na tulianza na mito. Tuliandika katikati ya karatasi miezi ambayo mito inapitika kwa uhakika mkubwa, yaani katikati ya Juni hadi Septemba, na kila kitu kingine kikatafutiwa nafasi ndani ya hiyo.

Kuchagua mwezi

Juni na Julai ndiyo miezi inayopigiwa debe. Katika Tuk jua halizami tangu wiki za mwisho za Mei hadi karibu na mwisho wa Julai. Watu wengi wanaifuata hali hiyo, na siwalaumu. Lakini pia ndiyo miezi ya mbu. Tundra, yaani nyanda za kaskazini zisizo na miti, yote juu ya ardhi iliyoganda daima ni madimbwi, kwa sababu maji hayana pa kuzama, na mbu wanatoka humo kwa mawingu. Niliwaambia wazi kwamba mbu wa huko hawaambukizi malaria, jambo ambalo kwa mtu wa Kigoma si dogo, lakini wanaweza kumnyima mtoto raha ya kutoka nje ya gari kwa wiki nzima.

Bibi alikuwa na swali lake, na kwangu lilikuwa na uzito sawa na la mbu na la barabara.

“Mwanangu, jua lisipozama, Magharibi naswali saa ngapi?”

Waislamu wa Inuvik wameishi na swali hilo miaka mingi. Mji ule una msikiti tangu 2010, na habari yake inahusiana na mito hii hii. Jengo lilitengenezwa Winnipeg, likasafirishwa kwa lori hadi Hay River, likapakiwa kwenye tishari kuteremka Mto Mackenzie, safari ya kilomita takriban 4,000. Njiani lori lilinusurika kupinduka kwenye daraja jembamba, na tishari lililolipokea lilikuwa la mwisho wa msimu kabla mto haujaganda. Lingechelewa kidogo, msikiti ungengoja mwaka mzima. Kuhusu nyakati, waumini wa pale wamekuwa wakifuata saa za Edmonton katika kufunga na kufuturu jua lisipozama. Bibi alifurahi mno kusikia kwamba huko juu watu wanatazama saa ya mji wake yeye.

Tukalinganisha. Katikati ya Agosti jua linazama tena, kwa hiyo Magharibi inarudi kuwa na alama yake angani, ingawa giza kamili la Isha bado halijafika. Imamu wa msikiti wao Edmonton aliwakumbusha kwamba msafiri ana ruhusa ya kukusanya Magharibi na Isha, hivyo hilo likapata ufumbuzi. Mbu wa Agosti ni wachache. Shule bado haijafunguliwa. Upande wa pili wa mizani kuna mvua, inayogeuza sehemu za Dempster kuwa utelezi, na moshi wa moto wa misitu. Agosti 2023 mji mzima wa Yellowknife ulihamishwa kwa sababu ya moto, na mtu anayepanga safari ya kaskazini hapaswi kulisahau hilo. Septemba mwanzoni ni nzuri kuliko zote kwa rangi, tundra inakuwa nyekundu na dhahabu, lakini watoto wangekosa shule.

Wakachagua Agosti. Mume alibadilishana likizo na mwenzake wa zamu, akaongezewa siku za bila malipo, na ratiba ikawa ya siku 17, tatu kati yake zikiwa tupu kabisa, hazina mji wala shughuli. Hizo siku tupu zilileta ubishi kuliko kitu kingine chochote. Shemeji mtu alizihesabu kama hasara: siku tatu za mshahara usiolipwa kwa ajili ya nini?

Hapo niliwasimulia habari ya doria ya Fitzgerald, kwa sababu barabara wanayopita imepewa jina kutokana nayo. Tarehe 21 Desemba 1910, Inspekta Francis Fitzgerald wa polisi wa farasi aliondoka Fort McPherson na wenzake watatu kwa mbwa na sleji kwenda Dawson. Alitaka kwenda haraka, akapunguza chakula ili mzigo uwe mwepesi. Kiongozi wa njia wa kabila la Gwich’in aliyewasaidia kipande cha mwanzo alirudishwa nyumbani, na wakamtegemea mwenzao ambaye aliwahi kupita njia hiyo mara moja tu, tena akitokea upande wa pili. Walikosa kijito cha kukatia, wakakitafuta kwa siku nyingi badala ya kugeuza, na walipogeuza chakula kilikuwa kimekwisha. Walikula mbwa wao. Machi 1911 Koplo W. J. D. Dempster, akiwa na Mgwich’in aliyeijua nchi, aliikuta miili yao wote wanne si mbali na Fort McPherson walikotokea. Wamezikwa pale kijijini, na barabara inapita karibu. Shemeji mtu hakuzidai tena zile siku tatu.

Gari, tairi na mafuta

Familia ina gari dogo la abiria la Toyota, aina ya vani, lenye viti saba. Mume aliona aibu nalo, akataka kukodi gari kubwa la juu Edmonton. Tulisoma mkataba wa kukodi kabla ya kulipa chochote. Mikataba mingi ya kawaida inakataza barabara za changarawe, na huo ulikuwa miongoni mwake: ukipata ajali au kioo kikavunjika kwenye Dempster, bima yote ya mkataba inaanguka na gharama ni yako. Yapo magari ya kukodi Whitehorse yenye ruhusa ya kwenda Dempster, kwa bei yake, lakini watu sita wangehitaji kwanza kufika Whitehorse.

Maoni yangu, na nayasimamia, ni kwamba gari la kawaida lenye afya linafika Tuk. Kinachoshindwa ni tairi. Dempster imejengwa kwa kumwaga kifusi kirefu juu ya ardhi iliyoganda, ili joto la barabara lisiiyeyushe na barabara ikazama, na katika sehemu nyingi kifusi hicho ni mawe yenye makali yanayokata tairi laini za mjini. Kwa hiyo fedha ya kukodi gari ikaenda kwenye tairi nne za kubebea mzigo, za ply (tabaka) kumi, na tairi mbili za spea zenye rimu zake, siyo ile tairi nyembamba ya dharura iliyo chini ya gari. Wakaongeza jeki ya maana, ubao wa kuiwekea jeki isizame, vifaa vya kuziba pancha na pampu ya upepo ya kuchomeka kwenye gari. Mume na shemeji walifanya zoezi la kubadilisha tairi nje ya nyumba, gari likiwa limepakiwa mzigo wote. Hilo la mwisho watu wanalipuuza, kisha wanagundua njiani kwamba spea iko chini ya masanduku manne na sufuria la wali.

Mafuta yanahitaji hesabu yake. Kituo cha pale njia panda ya Dempster hakiaminiki kuwa wazi kila mwaka, hivyo unajaza tangi Dawson City, kilomita 40 hivi kabla. Kituo kinachofuata ni Eagle Plains, kilomita ya 369. Kwa hiyo una takriban kilomita 410 bila mafuta, na vani yao iliweza. Lakini swali la kujiuliza ni hili: ukifika Eagle Plains ukakuta pampu haifanyi kazi, je? Kipande kinachofuata hadi Fort McPherson kinaifanya jumla ikaribie kilomita 590. Kwa lita 12 kila kilomita 100, kwenye changarawe na mzigo, unahitaji lita 71, na tangi lao halizidi hapo. Ndiyo maana walibeba dumu la lita 20, lililofungwa juu ya gari na si ndani na watoto. Kati ya Inuvik na Tuk hakuna kituo, hakuna duka, hakuna nyumba.

Simu haishiki kwa sehemu kubwa ya Dempster, isipokuwa karibu na vijiji. Simu mpya za iPhone zinaweza kutuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti, na huduma hiyo ilianza Kanada mwaka 2022, lakini Apple yenyewe inaonya kwamba huenda isifanye kazi kaskazini ya latitudo 62, na Dempster yote iko juu ya hapo. Hivyo waliazima kifaa maalumu cha setilaiti ambacho betri yake haitumiki kupiga picha na kuchezea michezo. Na waliandika kwenye daftari, kwa kalamu, hali ya barabara ya kila asubuhi kabla ya kuondoka mahali penye mtandao: Yukon wana huduma yao ya taarifa za barabara, na Northwest Territories wana yao inayoonyesha pia kama pantoni zinafanya kazi.

Kuna jambo moja la makaratasi. Njia yote hii ni ndani ya Kanada, hakuna pasipoti inayoulizwa. Lakini ukiwa Dawson City unaona kibao cha barabara inayoelekea Alaska, na shemeji mtu, ambaye ni mkazi wa kudumu na bado hana uraia, alishaanza kusema wakipata muda wachungulie. Mkazi wa kudumu wa Kanada mwenye pasipoti ya Tanzania anahitaji visa ya Marekani. Wazo hilo lilifutwa siku hiyo hiyo.

Bibi

Mpango wa kwanza ulimweka bibi kwenye kiti cha katikati kwa kilomita 3,300. Anatumia dawa za presha na miguu yake inavimba akikaa muda mrefu. Mume aliona kumtenga ni kumvunjia heshima. Mke, kwa kazi yake na wazee, aliona kumbeba ndiyo hatari. Nilikuwa upande wa mke.

Suluhisho walilofikia ni kwamba bibi na mke wapande ndege Edmonton hadi Inuvik, kupitia Yellowknife, wakutane na gari huko, wote waende Tuk pamoja, kisha warudi kwa ndege vilevile. Tiketi za kaskazini ni ghali kupita kiasi mtu anachotegemea, na hapo ndipo akiba ya kutokodi gari ilipomalizikia. Tarehe ya ndege ya kwenda ikawekwa siku mbili baada ya siku ambayo gari lilitarajiwa kufika Inuvik, kwa hiyo siku mbili kati ya zile tatu tupu zikakaa hapo. Gari lichelewe, bibi asichelewe.

Kuna kosa la bima ambalo watu wa Alberta wanalifanya wakidhani kadi yao ya afya inafanya kazi Kanada nzima. Hospitali na daktari wa jimbo jingine vinalipiwa kwa makubaliano ya majimbo. Gari la wagonjwa na ndege ya wagonjwa havimo. Tuk ina kituo cha afya chenye wauguzi; hospitali iko Inuvik; ugonjwa mzito unapelekwa kusini kwa ndege, na bili ya ndege hiyo inaweza kuifilisi familia. Walikata bima ya safari kwa wote sita, wakataja presha ya bibi kwenye fomu bila kuificha. Dawa zake ziligawanywa mafungu mawili, moja kwenye mkoba wake, moja kwa mwanawe, kila fungu likitosha safari nzima.

Kukaa Tuk

Kwenye karatasi ya kwanza, Tuk ilikuwa imepewa saa tatu. Ufike kwenye ncha ya mji ambako kuna kibao cha Bahari ya Aktiki, upige picha, uchovye miguu, ugeuze. Wanaofanya hivyo ni wengi tangu barabara ifunguliwe. Mji wa watu 937 unapokea magari msimu mzima, wageni wanatumia maji yanayoletwa nyumba kwa nyumba kwa lori, wanaacha taka, wanapiga picha za watu wakikata nyama mbele ya nyumba zao, kisha wanaondoka bila kununua hata samaki mmoja mkavu. Nilisema nao kwa ukali kidogo juu ya hili, na sijutii. Sisi tunajua kukaribisha mgeni na tunajua mgeni asiye na haya anavyoonekana.

Tukaweka siku mbili za kulala pale pale. Wavulana na baba yao hema kwenye eneo la kambi la ufukweni, bibi na mke chumba kwa mwenyeji, kilichowekwa miezi kabla kwa sababu vyumba ni vichache. Tukaweka fedha taslimu kwa ajili ya samaki, kazi za mikono na mwongozaji mwenyeji. Na watoto walielezwa mapema: hakuna kumpiga mtu picha bila kuomba. Julai na Agosti ndiyo wakati wa kuvua na kuwinda nyangumi weupe, beluga, ambao ni chakula cha familia za pale kwa mwaka mzima. Mgeni akikuta inakatwa, asimame mbali mpaka aitwe.

Kikubwa walichotaka kuona ni pingo, vilima vyenye kiini cha barafu. Ziwa likikauka juu ya ardhi iliyoganda, udongo wake wenye maji unaanza kuganda kutoka pande zote, maji yaliyobaki yanabanwa yasipate pa kwenda ila juu, yanaganda, na kuisukuma ardhi hadi inakuwa kilima. Rasi ya Tuktoyaktuk ina takriban 1,350 ya vilima hivyo, na Ibyuk, mkubwa kuliko vyote Kanada, una urefu wa mita 49 na bado unakua polepole. Ibyuk na vingine saba vya karibu na mji vinalindwa, na ni marufuku kuvichimba. Unaviona ukiwa mjini, lakini kuvisogelea vizuri ni kwa mashua ndogo ya mwenyeji.

Bahari pale si ya kuchezea. Ncha ile ile yenye kibao inaliwa na mawimbi mwaka hadi mwaka, kwa sababu pwani imeshikwa na barafu iliyo ndani ya udongo, na barafu hiyo ikiyeyuka udongo hauna kinachoushika. Siku hizi bahari inakaa bila barafu muda mrefu zaidi, dhoruba za vuli zinapata nafasi ya kupiga ufuko, na nyumba zilizokuwa ukingoni zimelazimika kuhamishwa. Bibi alitaka kuelezwa hilo mara mbili. Kule Ujiji ziwa likipanda linachukua nyumba, alisema, lakini likishuka ardhi bado ipo.

Walivyokwenda

Gari liliondoka mwanzoni mwa Agosti na wanaume wawili na watoto wawili. Mvua iliwakuta mlimani baada ya Eagle Plains, barabara ikafungwa, wakarudi kulala pale walipolala jana yake. Siku tupu ya kwanza ikaenda. Tairi moja ilikatwa ubavuni kabla ya Peel. Waliibadilisha bila shida na wakaendelea na spea moja mpaka Inuvik walikoweza kupata nyingine. Pantoni zote mbili zilikuwa zikifanya kazi. Fort McPherson walisimama makaburini. Mume alinitumia ujumbe kwamba mtoto mkubwa alisoma majina yote manne kwa sauti.

Ndege ya bibi ilitua Inuvik siku iliyopangwa, gari likiwa limeshafika tangu jana yake. Ijumaa bibi aliswali kwenye msikiti mdogo uliokuja kwa tishari, akakuta Wasudani na Wasomali, na akalazimishwa kukaa chakula cha mchana.

Siku ya mashua upepo ulitoka baharini. Mwongozaji, mama wa makamo wa Tuk, aliwatazama watoto, akatazama maji, akasema leo haendi. Shemeji mtu aliuliza kama upepo utatulia mchana. Akajibiwa kwamba labda, na kwamba hata ukitulia haendi leo. Walimlipa nusu ya malipo ingawa hakuomba, wakashinda nyumbani kwake wakila samaki mkavu, watoto wakifundishwa kushika ngoma. Kesho yake asubuhi bahari ilikuwa imelala. Bado walikuwa na siku moja tupu, wakaitumia, na wote sita wakaenda Ibyuk.